Elimu Ivukapo Mpaka: Mas-ala ya Vyeti vya Ugenini Yatazamwapo kutoka Habaswein

Katika njia itokayo Garissa kwenda Wajir, ukiisha kupita Modogashe na kabla hujafika makao makuu ya kaunti, upo mji wa Habaswein, jirani na kinamasi cha Lorian ambamo maji ya Ewaso Ng'iro, yaliyotoka mbali huko nyanda za juu za Kenya, hupotea ardhini. Ni mji wa visima na soko la mifugo, na msafiri aupitaye ndani ya basi la usiku hawezi kudhani kuwa ni mahali pa kuzungumzia vyuo vikuu na mabaraza ya mitihani. Lakini ni nadra kupata mji mwingine wa kadiri hiyo katika Afrika Mashariki ambamo mikondo mitatu ya elimu imekutana kama ilivyokutana hapa. Upo mkondo wa skuli za serikali ya Kenya, uliochelewa kufika na ambao hata leo haujajaa. Upo mkondo uliotoka Somalia baada ya dola kuanguka mwaka 1991, ulioleta walimu, wauguzi, wahasibu na wahandisi, kwanza hadi kambi za Dadaab zilizo upande wa kusini-mashariki, kisha hadi madukani na majumbani mwa jamaa zao. Na upo mkondo wa vijana wa papa hapa waliokwenda kutafuta ilimu Madina, Khartoum na Misri, au karibu zaidi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1988, wakarejea na shahada zao mkononi.

Mikondo hii mitatu imekutana, lakini haijachanganyika, kwa kuwa baina yao umesimama ukuta wa vyeti. Mtu anaweza kuwa ametibu wagonjwa miaka mingi Mogadishu, au amesomesha hesabu miaka mingi Khartoum, na akifika upande huu akahesabiwa kuwa hajui lolote mpaka karatasi yake iseme, na karatasi yake isiweze kusema kwa sababu yule aliyeitia muhuri hayupo tena. Dai langu ni kwamba utaratibu wetu wa kutambua elimu ya ugenini umejengwa ili kumhoji aliyetoa cheti, ilhali ulipasa kujengwa ili kumpima aliyebeba elimu. Na kwamba gharama ya kosa hilo imebebeshwa wale wasiokuwa na uwezo wa kuibeba, nao ni mgeni mwenyewe na wananchi wa mahali kama Habaswein wanaomhitaji.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo ambayo aghalabu huchanganywa. Afisa anapopokea cheti cha nchi nyingine hujiuliza kama cheti hicho ni cha kweli au ni cha kughushi. Hujiuliza tena kama kile kilichosomwa huko kinalingana na kile kinachosomwa hapa. Na juu ya hayo, mintarafu ya kazi zinazogusa uhai na haki za watu, hujiuliza kama mwenye cheti anaweza kuifanya kazi yenyewe leo. Maswali haya hayana jawabu moja. La kwanza hujibiwa na daftari la chuo, la pili hujibiwa na mtaala, na la tatu halijibiwi ila na mtu mwenyewe, mbele ya mgonjwa au mbele ya ubao. Shida huanza pale ambapo kukosekana kwa jawabu la swali la kwanza kunafunga mlango wa la pili na la tatu, hata mtu asipewe nafasi ya kuonyesha anachokijua.

Haikuwa hivi siku zote katika pwani yetu na bara lake. Mwanachuoni wa zamani alitembea na ijaza, hati aliyoandikiwa na shekhe wake kuthibitisha kuwa amekisoma kitabu fulani na ameruhusiwa kukisomesha. Thamani ya hati hiyo ilikuwa katika jina la shekhe na katika mlolongo wa mashekhe waliomtangulia, na aliyetaka kuihakiki hakuwa na haja ya kuandika barua kwa wizara yoyote, kwani alikaa na mgeni baada ya sala, wakafungua kitabu, na kabla ya saa kupita ilibainika ni nani ajuaye na nani asiyejua. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alisoma na kusafiri hadi Misri, Makka na Istanbul, na akashika ukadhi Unguja mpaka kufa kwake mwaka 1925, wala hatusikii kwamba ilimu yake ilihitaji kulinganishwa upya kila aliposhuka jahazini. Karibu zaidi na zama zetu, Shekhe Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar tangu 1960, alihamia Kenya mwaka 1967, na mwaka uliofuata nchi aliyohamia ikamfanya Kadhi Mkuu wake, cheo alichokishika mpaka 1981. Huo ni utambuzi wa elimu ya ugenini katika ukamilifu wake: mtu alijulikana, akapimwa na wanaojua, akapewa kazi.

Upande wa skuli za kidunia mambo yalikuwa mepesi kwa sababu nyingine. Mtihani wa Cambridge ulifanywa Mombasa, Kampala, Dar es Salaam na Unguja kwa karatasi moja, na baada ya uhuru Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1967, lilikusudiwa kuuendeleza umoja huo chini ya mikono yetu wenyewe. Tanzania ilijitoa mapema, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda baraza lake mwaka 1980, na hivyo nchi zilizokuwa zikisahihisha mtihani mmoja zikawa wageni machoni pa wenzao. Napenda msomaji ayakumbuke hayo, kwa maana watu hudhani kwamba ugumu huu ni wa asili, kama umbali au ukame, ilhali ni jambo lililofanywa na watu katika miaka inayojulikana.

Leo nchini Kenya mwenye cheti cha nje hukabiliana na milango kadhaa. Cheti cha sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, likilinganishe na KCSE, cheti cha Kenya cha kumaliza sekondari; shahada hupelekwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ambayo sheria ya mwaka 2012 imeipa kazi ya kutambua na kulinganisha shahada za vyuo vya nje; na tangu sheria ya mwaka 2014 ipo pia Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kielimu, KNQA, ambayo nayo imepewa kazi ya kutambua na kulinganisha, hata mipaka baina ya taasisi hizi mbili ikawa haieleweki vyema kwa mwombaji. Baada ya hapo huja baraza la taaluma yenyewe: daktari aliyesoma nje hufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kuingia mwaka wa mafunzo ya hospitalini, muuguzi huenda kwa baraza lake, mhandisi kwa bodi yake, na mwalimu kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Ofisi zote hizi zina makao makuu Nairobi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Habaswein. Mengi siku hizi huanzia katika intaneti, na hilo ni jema, lakini nakala halisi, tafsiri yenye muhuri na malipo ya ada bado humpeleka mtu mjini, akakaa Eastleigh kwa ndugu yake wiki baada ya wiki akisubiri barua.

Mlango wa walimu unastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu ndiyo kazi ambayo nchi hii ya kaskazini mashariki inaihitaji kuliko zote. Mtu anayetaka kusajiliwa kuwa mwalimu wa sekondari hatazamwi shahada yake peke yake. Huulizwa pia alama ya KCSE, nayo haipaswi kuwa chini ya C+, pamoja na C+ katika masomo mawili atakayoyasomesha. Sasa mchukue kijana aliyelelewa katika mahadi ya Kiislamu, akahitimu thanawi, ngazi yake ya sekondari, cheti chake kikakubaliwa na chuo cha Madina au cha Khartoum, akasoma miaka minne na kufaulu. Anaporudi huambiwa kuwa ngazi ya chini haionekani, na kwa hiyo ile ya juu aliyokwisha kuipanda haihesabiki. Ni jambo la kusikitisha kwamba cheti cha taasisi iliyo katika ardhi ya Kenya kiweze kumfungulia mtoto wa Kenya chuo kikuu cha Arabuni, na kisiweze kumfungulia chochote nyumbani kwao.

Lakini kisa kizito kuliko vyote ni cha yule ambaye daftari lake limeteketea. Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, ambacho mihadhara yake mingi ilitolewa kwa Kitaliani, kilifungwa na vita mwaka 1991 na hakikufunguliwa tena mpaka 2014. Kwa muda wa miaka 23 mtu aliyehitimu hapo hakuwa na msajili wa kumwandikia, wala wizara ya kumthibitisha, wala mtu wa kupokea simu. Vyuo vipya vilizaliwa kwa juhudi za raia, kama Chuo Kikuu cha Mogadishu mwaka 1997 na Amoud huko Borama mwaka 1998, navyo vilisomesha watu wengi na kwa bidii ya kusifiwa, lakini vilizaliwa wakati ambapo hapakuwa na dola ya kuvipa ithibati, na afisa wa nchi nyingine akiuliza nani amekikubali chuo hiki hapati jawabu alilolizoea. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 vita vikazuka Khartoum. Mji ambao kwa miongo mingi ulikuwa kimbilio la wanafunzi wa Garissa, Wajir na Mandera, hususan Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ulikimbiwa kwa siku chache. Wanafunzi walivuka jangwa na nguo walizovaa, wengine wakiwa wamebakiza muhula mmoja tu. Ofisi yetu inapotaka barua ya uthibitisho kutoka kwa msajili wa chuo, inamwomba mtu huyu kitu ambacho hakuna mwanadamu awezaye kukileta. Si uzembe wake, si udanganyifu wake, na hakuna ada awezayo kuilipa ili kipatikane.

Hata pale karatasi zilipookoka, hupatana kwa tabu. Fungua bahasha ya plastiki ambayo mkimbizi wa Kisomali huiweka chini ya godoro, utaona jina moja limeandikwa namna nne. Cheti cha skuli, kwa hati ya Kisomali iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972, kinamwita Maxamed Xasan Cabdi. Kadi ya ukimbizi inamwita Mohamed Hassan Abdi. Shahada ya chuo cha Kiarabu, ikigeuzwa herufi za Kilatini na mfasiri wa ubalozini, inamwita Muhammad Hasan Abduh. Na kwenye karatasi ya nne karani ameliruka jina la babu, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi mbili tu. Tarehe ya kuzaliwa ni mosi Januari katika mbili kati ya hizo, kama ilivyo kwa maelfu ya watu ambao wazazi wao waliikumbuka misimu ya mvua na si kalenda. Kwa watu wa kwao hakuna shaka yoyote kuwa huyu ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa usajili ni watu wanne, na kila tofauti hutaka kiapo mbele ya wakili, na kila kiapo hutaka pesa. Nimewaona watu wazima, walezi wa familia, wakiyapanga makaratasi haya juu ya meza kwa uangalifu wa mtu anayepanga vyombo vya kioo, wakihofia hata mkunjo mmoja.

Jambo hili la jina limeshikana na jambo la uraia. Katika eneo hili mwenyeji mwenyewe alihesabiwa mgeni kwa muda mrefu: mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipitishwa katika mchujo na kupewa kadi ya peke yao, baadaye maelfu ya wenyeji waliojiandikisha katika kambi za Dadaab, wakati wa njaa, ili wapate chakula, walinyimwa vitambulisho kwa kuwa alama za vidole vyao zilionekana katika daftari la wakimbizi. Mchujo wa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani uliondolewa kwa tangazo la Rais lililotolewa Wajir mwezi Februari 2025. Alhasili, hakuna baraza la taaluma litakalomsajili mtu asiye na kitambulisho, na hivyo kijana aliyesoma Kenya tangu darasa la kwanza amejikuta mbele ya ukuta ule ule uliomzuia aliyesoma Mogadishu.

Dadaab yenyewe inaonyesha mwisho mwingine wa uzi huu. Huko watoto wa wakimbizi hufanya mitihani ya Kenya, na cheti cha KCSE cha kambi ya Ifo hakina tofauti na cha Nairobi. Tangu 2013 mpango uliounganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na vile vya Kanada, York kikiwa mbele, umewapa baadhi yao stashahada na shahada papo hapo kambini. Elimu yao basi imetambuliwa bila shaka yoyote. Ambaye hakutambuliwa ni mtu mwenyewe, kwani bila ya idhini ya kufanya kazi amebaki mwalimu wa motisha, akisomesha darasa lililojaa kwa posho ambayo ni sehemu ndogo ya mshahara wa mwalimu wa Kenya aliye chumba cha pili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imempa mkimbizi haki ya kufanya kazi au taaluma pale anapokuwa na sifa zilizotambuliwa na wenye mamlaka nchini. Maneno hayo ni machache, lakini yameufanya utambuzi wa vyeti kuwa ufunguo wa haki nzima: cheti chako kisipotambuliwa, haki uliyopewa na Bunge haikufikii.

Haya yote yangekuwa mas-ala ya uonevu wa watu wachache, lau si uhaba uliopo. Novemba 2014 basi lilishambuliwa Mandera na watu 28 wakauawa, walimu wakiwamo. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Na Januari 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe huko Garissa, TSC iliwaondoa walimu wasio wenyeji katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Skuli zikabaki na mwalimu mkuu na mmoja au wawili, watoto wakasomeshwa na waliomaliza kidato cha nne juzi. Wakati huo huo, katika miji ile ile, walikuwapo watu wenye shahada za Khartoum, Mogadishu na Madina wakiuza nguo na kuchunga mbuzi wa wajomba zao. Sisemi kwamba kila mmoja wao alifaa kuwa mwalimu. Nasema hapakuwa na mtu aliyetumwa kuwauliza.

Na kwamba serikali ikitaka inaweza, tumeliona. Mwaka 2018 Kenya iliwaleta madaktari 100 kutoka Cuba, wakagawanywa katika kaunti, wakasajiliwa kwa makubaliano ya serikali mbili bila ya mmoja wao kuzunguka Nairobi na bahasha. Wawili kati yao walitekwa Mandera mwezi Aprili 2019, na mpango mzima ukakoma mwaka 2023. Siwalaumu madaktari hao, waliokuja mahali ambapo wengine hawakutaka kuja. Ila kisa chao kinathibitisha kwamba ugumu wa kulinganisha mtaala wa Havana na wa Nairobi huondoka pale dola inapoubeba mzigo yenyewe.

Wapo watakaosema kuwa ukali ni wa lazima, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa vyeti zaidi ya 2,000 vya watumishi wa serikali vilikuwa vya kughushi. Na mwaka 2022 nchi nzima ilishuhudia CUE ikiitambua shahada ya mgombea wa ugavana kutoka chuo cha Kampala, kisha ikaubatilisha utambuzi huo. Mama mwenye uchungu wa uzazi katika hospitali ya Habaswein, usiku, ana haki ya kujua kwamba anayemshika ni mkunga kweli. Haki hiyo naiweka mbele ya haki ya mkunga kupata kazi, bila ya kusitasita. Lakini tazama ni nani aliyeghushi: wengi wa waliokamatwa walitumia vyeti vya humu humu nchini, ambavyo daftari lake liko hai na lingeweza kuulizwa siku ya kwanza. Ukali kwa mgeni haukumlinda yule mama. Kinachomlinda ni mkunga kusimamiwa, akapimwa mkononi, na yakajulikana mawili: anachokiweza na kilichompungukia.

Wanaoondoka kwenda ng'ambo hukutana na ukuta huo kwa sura nyingine. Daktari anayefika Minneapolis, mji wenye Wasomali wengi waliopitia Dadaab, hutakiwa apate idhini ya tume inayohakiki vyeti vya madaktari wa nje, afanye mitihani ya Marekani, kisha arudie miaka ya mafunzo hospitalini, ambayo nafasi zake ni chache. Hata hivyo ni jimbo hilo hilo la Minnesota lililopitisha sheria mwaka 2015 ya kuwasaidia madaktari wahamiaji, kwa kuwapima, kuwaandaa na kuwatengea nafasi za mafunzo, likiwa la kwanza kufanya hivyo Marekani. Norway nayo imejenga utaratibu wa kumhoji kitaalamu mkimbizi asiye na cheti kinachoweza kuthibitishwa: wataalamu wa fani yake humtahini, na wakiridhika humwandikia. Baraza la Ulaya lilianza mwaka 2017 kutoa pasi ya sifa kwa wakimbizi kwa njia ya mahojiano kama hayo, na UNESCO ikafuata kwa pasi yake. Nikisoma habari za taratibu hizi huwakumbuka mashekhe wetu na kitabu kilichofunguliwa baada ya sala.

Mikataba ya dola ya kutambuana vyeti ipo, nami sitakaa nayo sana. Arusha ilitoa mkataba wa Afrika mwaka 1981. Addis Ababa ikaufanyia upya mwaka 2014, ukaanza kutumika 2019. Mkataba wa dunia nzima ulipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Machi 2023. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ya mwaka 2010 imeahidi kutambuana vyeti, na wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na matabibu wa mifugo wamekwisha kutiliana sahihi. Mawaziri wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, waliahidi kule Djibouti, Desemba 2017, kwamba elimu ya wakimbizi itaingizwa katika mifumo ya nchi zao. Na tangu Machi 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo cheti cha Mogadishu, kisheria, ni cheti cha nchi mwenza. Mikataba hii huzungumza na wizara. Haijapata karani wa kuzungumza na mtu aliye Habaswein.

Kinachohitajika si kigeni kwa sheria zetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 170, inapoeleza nani anafaa kuwa kadhi, haitaji shahada ya chuo chochote. Inataka mtu awe Mwislamu na awe na maarifa ya sheria ya Kiislamu yanayomfaa kazi hiyo kwa maoni ya Tume ya Huduma za Mahakama. Basi tume humhoji, na mtu hupita au hapiti. Maadamu tumeukubali mwendo huo kwa anayeamua mirathi na talaka, ni vigumu kueleza kwa nini tuukatae kwa anayesomesha fizikia kidato cha pili. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, na Chuo cha Mafunzo ya Tiba kilicho mji huo huo, vinaweza kupewa idhini ya kuwatahini watu hawa karibu na kwao: waliopungukiwa na somo moja wasome somo hilo moja, wala wasirudishwe mwaka wa kwanza, waliotimia wapewe usajili wa muda chini ya msimamizi, mpaka baraza liridhike. Kazi ya kuandikiana na vyuo vya nje, kuvisaka vilivyohama na kuyakubali yasiyoweza kupatikana, iwe ya CUE na KNQA, ambazo zina wanasheria na balozi za kuulizia, isiwe ya mtu mwenye simu isiyo na salio. Na kwa wale wa Khartoum, ambao wenzao wa darasa na walimu wao wametawanyika Nairobi, Kairo na Jeddah, ushahidi wa viapo vya waliosomeshana ukusanywe sasa, wakati bado wanajuana na namba zao zinaita.